Kuujua mfupa kwa mikono: mfupa wa bucha, siki na jiko la mkaa

Mfupa mkavu, ule mweupe wa kabati la maabara, humdanganya mwanafunzi. Humfanya aamini kwamba mfupa ni aina ya jiwe. Mfupa ulio mwilini una damu na neva, huuma, hukua, hujiunga wenyewe ukivunjika, na kila mwaka takriban sehemu moja ya kumi ya mifupa ya mtu mzima hubomolewa na kujengwa upya. Mwalimu au mzazi wa Dar es Salaam anaweza kuyaonyesha mengi ya haya kwa vitu vya bucha na jikoni.

Tafuta mfupa mmoja wa paja la ng'ombe, miguu miwili ya kuku broila mibichi, siki nyeupe lita moja, chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kopo tupu la bati, jiko la mkaa, mizani ndogo inayosoma gramu, mswaki wa zamani na glovu.

Bucha nenda asubuhi, mfupa ukiwa haujakaa juani. Mwombe muuzaji aupasue kwa msumeno, kwa urefu, kisha akukatie na kipande cha upana wa vidole viwili kutoka katikati. Usikubali shoka. Shoka huuvunja mfupa vipande vyenye ncha kali, na sehemu laini ya ndani husagika hata usione kitu. Kama mfupa una mafuta mengi, ugandishe kwenye friza usiku mmoja kabla ya kuupeleka kwenye msumeno, utakatika safi.

Nyumbani, anza na ule uliopasuliwa. Kwa juu kuna utando mwembamba unaong'ang'ania. Uvute kwa kisu butu. Huu ndio unaoleta mishipa ya damu na neva, na humo ndimo hutoka seli zinazounenepesha mfupa. Chini yake ni mfupa mgumu, mnene katikati na mwembamba kuelekea kwenye ncha. Shimo la katikati limejaa uboho wa manjano, ambao karibu wote ni mafuta. Kwenye ncha tafuta wekundu: huo ni uboho unaotengeneza damu. Mtoto mchanga ana uboho mwekundu karibu katika mifupa yote, lakini mtu mzima amebakiwa nao zaidi kwenye nyonga, kidari, mbavu, pingili za mgongo, fuvu na ncha za juu za mapaja na mikono. Ndiyo maana daktari anayetaka kupima uboho wa mtu mzima huuchukua nyongani, hahangaiki na muundi.

Sasa chemsha nusu moja kwa moto mdogo, maji yenye sabuni, dakika thelathini, kisha isugue ncha kwa mswaki mpaka mafuta yaishe. Kitakachobaki ni wavu wa vijiti vya mfupa, na hapa inafaa kukaa kwa muda. Vijiti hivyo havikupangwa ovyo. Vimefuata njia ambazo uzito hupita, kama mbao za kenchi chini ya bati. Daktari Mjerumani Julius Wolff aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujipanga kufuatana na mzigo unaoubeba. Mtu anayetembea na kubeba vitu hujengewa mfupa. Anayelala kitandani miezi mingi hupunguziwa.

Miguu ya kuku ndiyo itakayokuonyesha mfupa umetengenezwa kwa vitu gani. Kwangua nyama yote ikiwa mibichi, kwa kuwa kuchemsha huharibu kolajeni, zile nyuzi za protini zinazoufanya mfupa usikatike kirahisi. Usiiloweke kwenye Jiki pia. Nayo hula nyuzi hizohizo. Weka mfupa mmoja kwenye chupa, mimina siki nusu lita, funika kwa kitambaa bila kukaza kifuniko, maana gesi hutoka. Badilisha siki baada ya siku mbili. Kati ya siku ya tano na ya saba mfupa utakunjika kama mpira. Asidi imeyeyusha madini ya kalsiamu na fosfati, nyuzi zimebaki. Ukiona katikati bado ni pagumu, ama siki ni hafifu kuliko asilimia 5 iliyozoeleka, ama nyama haikukwanguliwa vizuri. Ongeza siku mbili.

Kinyume chake kifanye kwa kile kipande cha ng'ombe. Kitoe uboho wote kwanza, kianike juani siku mbili, kipime, kiweke kwenye kopo lenye matundu, kisha juu ya mkaa uliokolea, nje ya nyumba kwa sababu kinanuka sana. Kitakuwa cheusi kwanza. Weusi ni mabaki ya protini, kwa hiyo endelea mpaka kiwe kijivu au cheupe, saa moja hadi mbili. Kiache kipoe chenyewe, ukipime tena: takriban theluthi ya uzito imekwenda. Umbo ni lilelile, lakini ukikibonyeza kinasagika kama chaki.

Mfupa wa siki unasaidia kueleza matege ya ugonjwa: mtoto aliyekosa vitamini D au kalsiamu ana nyuzi, ila madini hayakukaa, na miguu hupinda kwa uzito wake mwenyewe. Jua la Pwani linatosha kabisa, mradi limfikie mtoto kwenye ngozi. Anayefungiwa ndani au kufunikwa siku nzima halimsaidii. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao ni chanzo kizuri cha kalsiamu. Mguu uliopinda kidogo kabla ya miaka miwili mara nyingi hunyooka wenyewe. Ukizidi kupinda, au ukabaki hivyo baada ya miaka mitatu, apelekwe hospitali.

Mguu wa pili wa broila upasue ncha kwa kisu. Kuku huyu huchinjwa akiwa na wiki tano au sita hivi, kwa hiyo ncha zake bado ni gegedu. Ndiyo sababu zinatafunika, ilhali za kienyeji mzee hazitafuniki. Kwa mtoto wa binadamu gegedu la ukuaji ni bamba jembamba karibu na ncha za mfupa mrefu. Seli zake huzaliana kwa mistari, hukusanya madini, kisha mfupa huchukua nafasi yao. Kwenye eksirei huonekana kama mstari mweusi, na mzazi asidhani ni ufa. Mabamba mengi hufunga wasichana wakiwa na miaka 14 hadi 16, wavulana kama miaka miwili baadaye. La mtulinga, upande wa kidari, huchelewa hadi miaka ya ishirini na kitu.

Bamba la ukuaji ni dhaifu kuliko mfupa unaolizunguka. Mtoto akianguka na kuvimba karibu na kiungo, asikandwe. Funga kiungo kisitikisike, apigwe picha. Bamba likihama na kuachwa hivyo, mkono au mguu unaweza kukua mfupi au upande.

Ukimaliza, nawa kwa sabuni na uoshe ubao na kisu. Mfupa wa siki ukiachwa hewani utakauka na kukakamaa tena, lakini madini hayajarudi. Uloweke kwenye maji utalainika.