Somo: Kuunganisha data za miamba za nchi jirani bila kuzihamisha kutoka kwao

Somo hili nimeliandika kwa wanachama wanaoshughulika na ramani za miamba, visima na machimbo, ambao wameanza kuombwa data zao ziingizwe katika mfumo mmoja unaotumiwa na nchi kadhaa. Mfano wangu ni ukanda wa pwani kutoka Mombasa hadi Tanga. Matabaka tunayoyaona kando ya barabara Mazeras na Mariakani ni ya kundi la Karoo, yaani miamba ya kale ya mashapo, na kundi hilo hilo linajitokeza tena upande wa Tanga, ilhali ramani za pande hizi mbili zilichorwa na watu tofauti, kwa majina tofauti. Nawasihi tangu mwanzo: msianze kwa kununua seva, yaani kompyuta ya kuhifadhi na kutoa data. Seva ndiyo kazi nyepesi kuliko zote.

Hatua ya 1: Amueni data zitakaa wapi. Jibu langu ni kwamba zibaki kwa taasisi iliyozikusanya. Hivyo ndivyo ulivyojengwa mradi wa OneGeology, ulioanzishwa mwaka 2007 katika mkutano wa Brighton, Uingereza, kwa lengo la kuifikisha kwenye intaneti ramani ya miamba ya dunia kwa skeli ya takriban 1:1,000,000. Kila nchi inatunza ramani yake na kuitoa kwa utaratibu mmoja uliokubaliwa, na msomaji anaziona zote pamoja kana kwamba zimetoka kabati moja. Anayezitunza ndiye anayezisahihisha, kwa hiyo hakuna nakala mbili zinazobishana.

Hatua ya 2: Sahihisheni mahali kabla ya jambo lingine lolote. Ramani zetu nyingi za zamani, za Kenya na za Tanzania, zimefungwa kwenye datumu (msingi wa kupimia mahali duniani) iitwayo Arc 1960, wakati GPS iliyo katika simu inatumia datumu nyingine, WGS84. Ukizisoma namba za Arc 1960 kana kwamba ni za WGS84, hapa pwani nukta yako inasogea takriban mita 300 kuelekea kaskazini. Mimi mwenyewe niliwahi kunakili visima vya Likoni kutoka karatasi ya zamani bila kuangalia maandishi ya pembezoni, na nilipofungua ramani nikakuta kisima kimoja kiko katikati ya mkondo, pale feri zinapopishana. Nilikuwa na bahati, kwa kuwa kosa lililoangukia majini linaonekana. Laiti ningekuwa Mariakani, nukta ingehama kutoka shamba moja hadi jingine na hakuna ambaye angegundua. Kwa hiyo andikeni datumu ya asili kando ya kila nukta, na baada ya kubadilisha msizifute namba za mwanzo.

Hatua ya 3: Kubalianeni maana ya maneno. Hapa ndipo miezi yenu itakapokwenda. Chukulieni maandishi kama haya, ya aina mnayoikuta katika daftari la fundi wa kuchimba visima: «futi 0–18 udongo mwekundu, 18–52 matumbawe laini, 52–70 matumbawe magumu, maji.» Kompyuta ya Dodoma au ya Paris haitajua kwamba hayo matumbawe ni mwamba wa chokaa uliotokana na viumbe vya matumbawe vya bahari ya kale, wala kwamba futi 52 ni mita 15.85. Anayeingiza data akiandika «chokaa» na kulitupa neno la fundi, tumepoteza habari ya ulaini, ambayo kwa mtafuta maji ina thamani kubwa. Tengeni basi nafasi tatu: maneno ya asili kama yalivyo, istilahi ya pamoja, na jina la aliyetafsiri pamoja na tarehe.

Istilahi ya pamoja msiitunge wenyewe. Ipo GeoSciML, lugha ya kubadilishana data za miamba iliyoandaliwa chini ya Umoja wa Kimataifa wa Sayansi za Jiolojia (IUGS) na kuchapishwa mwaka 2017 kuwa kiwango cha OGC, shirika la kimataifa la viwango vya data za ramani, nayo ina orodha za maneno zinazoambatana nayo. Majina ya matabaka ya kwetu, kama Maji ya Chumvi, yabaki hivyo hivyo, yakielekezwa tu kwenye aina ya mwamba na umri wake. (Jina hilo lenyewe ni data: waliolitoa walishayaonja maji.)

Umri nao una mtego. Mwaka 2009 IUGS ilisogeza mwanzo wa Kwatenari, kipindi cha umri wa dunia tulichomo hadi leo, kutoka miaka milioni 1.8 iliyopita hadi milioni 2.58. Ramani iliyochorwa kabla ya hapo ikisema «Kwatenari», haisemi kitu kile kile. Andikeni toleo la jedwali la umri lililotumika.

Hatua ya 4: Kila kisima na kila sampuli ipewe kitambulisho kimoja cha kudumu, kisichobeba jina la kijiji wala la mwenye shamba, kwa maana hayo hubadilika.

Hatua ya 5: Wekeni leseni ya matumizi iliyoandikwa. Data isiyo na leseni haitumiki na mtu mwangalifu.

Hatua ya 6: Jaribuni kwa visima vichache vya pande zote mbili za mpaka, kisha mwombeni mtu asiyewajua avisome. Akipiga simu kuuliza, rudini hatua ya 3.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Tanga: Mwalimu, mpaka wa tabaka katika ramani yetu haukutani na wa kwenu pale mpakani Lunga Lunga. Tuchore mstari wa kuunganisha?

Jibu: La, ndugu yangu, si ofisini. Acheni mistari yote miwili, kila mmoja na mwaka na skeli yake, na wekeni alama ya kutokubaliana. Watu wa pande zote mbili wakienda pamoja uwandani, mstari wa tatu utaandikwa kwa jina lao.

Mwanachama wa Kilifi: Intaneti yetu hukatika. Tutashiriki vipi ikiwa data lazima zibaki kwetu?

Jibu: Kubaki kwenu ni kubaki na mamlaka juu yake. Mashine yaweza kuwa ya taasisi jirani, kwa makubaliano ya maandishi, mradi ninyi pekee ndio wenye idhini ya kubadilisha.

Mwanachama wa Kwale: Taarifa za uchimbaji wa kampuni ni siri. Tuziache nje kabisa?

Jibu: Ingizeni kwamba shimo lipo, kina chake, mwaka lilipochimbwa na nani wa kuombwa ruhusa, iwapo mkataba unaruhusu hayo. Vipimo vya madini vikae vimefungwa, na tarehe ya kufunguliwa iandikwe leo, wakati waliotia saini bado wapo kazini.