Kufuga nondo wa sekropia: kifukofuko kilale nje

Sekropia (Hyalophora cecropia) ndiye nondo mkubwa kuliko wote wa asili ya Amerika Kaskazini. Mabawa yakitandazwa hupita sentimita 13, kahawia na nyekundu, kila bawa na alama ya hilali. Huzaa kizazi kimoja tu kwa mwaka, kwa hiyo kosa moja hugharimu mwaka mzima.

1. Mayai. Jike akishapandwa, mtie kwenye mfuko wa karatasi usiku mmoja au miwili. Atataga kwenye karatasi yenyewe. Ikate vipande, usiyabandue mayai. Huanguliwa baada ya siku 10 hadi 14.

2. Viwavi. Wape majani ya mcheri, mplamu au mtofaa, na ukianza na mti mmoja endelea nao, kwani wengi hukataa jani geni hadi wafe njaa. Tawi likikaa kwenye chupa ya maji, ziba mdomo wa chupa kwa pamba, la sivyo watazama. Zoa kinyesi kila siku kisiote ukungu.

Kiwavi huanza mweusi, huwa manjano, kisha kijani chenye vinundu vya chungwa karibu na kichwa, vya manjano mgongoni na vya buluu ubavuni. Akiganda mahali pamoja bila kula, anajiandaa kujivua ngozi. Usimng'oe! Amejishikiza kwa nyuzi za hariri, ukimvuta utamjeruhi.

3. Kifukofuko. Ni nyumba ya hariri ambamo kiwavi hugeuka pupa, kisha nondo. Kiache kwenye kijiti chake, ndani ya kizimba cha wavu wa chuma usiopitisha panya, nje, kivulini, majira yote ya baridi.

4. Kutoka. Mei au Juni, weka vijiti vyenye gome la kukwaruza. Nondo lazima apande na kuning'iniza mabawa. Kwenye plastiki laini ataanguka, mabawa yakauke yamejikunja.

Maswali

*Mwalimu, kifukofuko changu kiko sebuleni tangu Novemba. Kuna ubaya?*
Kitoe leo, ndugu. Hewa ya hita hukausha pupa, na joto laweza kumtoa nondo Januari, hakuna dume wala jani.

*Na friji je?*
Inafaa, ila nayo hukausha. Tumia kopo lenye matundu machache, unyunyize maji kidogo kila baada ya wiki chache.

*Kiwavi mnene ametokwa na funza!*
Ni nzi wa vimelea. Mmoja wao, Compsilura concinnata, aliletwa Marekani mwaka 1906 kupambana na nondo waharibifu wa misitu, akawageukia na sekropia. Kiwavi huyo haponi, wafunike waliobaki kwa chandarua.

*Nondo nimlishe nini?*
Hali kitu, mdomo wake haufanyi kazi. Ataishi wiki mbili hivi. Dume, mwenye vipapasio vipana kama unyoya, mwachilie huru usiku uleule.