Kupanda Mshelisheli Kyela: Kuanzia Kipande cha Mzizi hadi Tunda la Kwanza

Wengi wanaofika kitaluni kwangu Kyela huanza na swali moja: "Mbegu za shelisheli unauzaje?" Huwa nachukua shelisheli na kulipasua kwa panga mbele yao. Ndani ni nyama nyeupe tupu na moyo wake katikati, kokwa hakuna hata moja. Shelisheli lililoenea kwetu halina mbegu. Mti mpya hutoka kwenye mzizi wa mti mkubwa, na hivyo ndivyo ulivyosambaa duniani tangu visiwa vya Pasifiki. Nahodha Mwingereza William Bligh alipoutoa kisiwa cha Tahiti, huko Pasifiki, mwaka 1789 hakuweza kubeba mbegu kwenye gunia. Alipakia miche hai zaidi ya 1,000 kwenye vyungu, mabaharia wake wakaasi njiani na kuitupa yote baharini. Ikabidi arudi safari ya pili, na mwaka 1793 akaifikisha Saint Vincent na Jamaika, visiwa vya Karibi.

Kwa hiyo ukisikia mtu anauza mbegu za mshelisheli sokoni, weka hela yako mfukoni.

Hatua ya 1: Jua mwinuko wa shamba lako

Naiweka mbele kwa sababu ndiyo iliyoniumiza. Miche yangu ya kwanza niliigawa: sita nikaipanda Kyela, minne nikampelekea kaka yangu Mbeya mjini akaipande uani. Aliitunza kuliko mimi, akaimwagilia na kuizungushia uzio. Ilipofika Juni majani yakaanza kuwa meusi pembeni, na Julai haikumalizika na mche hata mmoja. Kaka alidhani ni ugonjwa. Ilikuwa baridi tu.

Mshelisheli unataka joto la nyuzi 21 hadi 32 na mvua nyingi. Hustawi vizuri zaidi chini ya mita 650 hivi kutoka usawa wa bahari. Kyela na ufukwe wa Ziwa Nyasa uko karibu mita 500, Mbeya mjini ni kama mita 1,700. Kila ukipanda mita 100 joto hupungua zaidi ya nusu nyuzi, kwa hiyo kati ya Kyela na Mbeya mjini unapoteza kama nyuzi saba. Tukuyu nayo ipo juu mno kwa mti huu, Iringa mjini vilevile. Njombe na Mufindi, kunakoanguka sakitu, usijaribu kabisa.

Lakini mtu wa mkoa wa Njombe asikate tamaa: Manda na Lupingu, kule ziwani wilaya ya Ludewa, kuna joto la kutosha. Wa Ruvuma wana Mbamba Bay. Wa Iringa wana Ruaha Mbuyuni, ila kule ni pakavu, kwa hiyo panda pale tu ambapo maji ya mfereji yanafika mwaka mzima.

Hatua ya 2: Pata mzizi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, usiharakishe.

Tafuta mti mama wenye afya ambao matunda yake umeyala ukayapenda, maana mche utakuwa sawasawa na mama yake. Subiri umalize kuzaa na uwe umepumzika, kabla haujatoa majani mapya. Mimi huchukua mizizi Septemba.

Mizizi ya mshelisheli hutambaa juujuu. Fukua taratibu kwa mikono au kijiti, hatua mbili tatu kutoka kwenye shina. Jembe litaichubua. Chagua mizizi yenye unene wa kidole gumba hadi wa mpini wa jembe, yaani sentimita 2 hadi 5. Kata kwa msumeno mkali vipande vya sentimita 20 hadi 25. Kwa mti mmoja usizidishe mizizi mitatu au minne kwa msimu, halafu rudishia udongo. Nimeona mti wa jirani uliochimbwa pande zote ukaangushwa na upepo wa kwanza wa masika, na pale palikuwa na chakula cha watoto wake.

Kila kipande kina kichwa na mkia. Upande uliokuwa karibu na shina ndio kichwa, uwekee alama kwa kukata mshazari. Ukikizika kichwa chini, utasubiri bure.

Ipo njia nyingine, ya pole zaidi, ninayowashauri wenye mti mmoja tu. Fukua sehemu ya mzizi bila kuukata, uchubue ganda kidogo kwa kisu, uache wazi. Baada ya wiki kadhaa chipukizi litatokea hapo kwenye jeraha. Likifika urefu wa sentimita 20 na zaidi, kata mzizi upande wa mbali na shina, subiri wiki tatu, kisha kata upande wa pili na ulihamishe na kipande chake cha mzizi. Miche ya namna hii hufa kidogo sana.

Hatua ya 3: Kitaluni

Tengeneza tuta la mchanga wa mtoni uliooshwa, chini ya kivuli cha kutosha. Osha vipande, vilaze mshazari, kichwa kikichungulia juu kidogo, mkia ndani. Mwagilia kila siku, asubuhi, mchanga uwe na unyevu lakini usitote. Maji yakituama mzizi huoza. Ukiufinya unakuwa kama ndizi iliyoiva kupita kiasi.

Kisha subiri. Vingine huchipua baada ya mwezi, vingine miezi mitatu. Usivifukue kuchungulia! Chipukizi likifika shibiri moja na kuwa na mizizi yake midogo, lihamishie kwenye kiriba kikubwa (mfuko wa kuoteshea miche) chenye udongo wa juu, samadi iliyooza na mchanga. Endelea na kivuli, ukikipunguza taratibu. Kwangu miche hukaa kitaluni mwaka mzima hivi: mizizi ya Septemba hupandwa shambani Novemba au Desemba ya mwaka unaofuata, mvua zikianza.

Hatua ya 4: Shambani

Kyela ina mafuriko, wote tunajua. Epuka bonde la mpunga. Chagua sehemu iliyoinuka, na kama shamba ni tambarare, inua kichuguu cha udongo upande juu yake. Shimo la sentimita 60 kila upande linatosha, changanya udongo wa juu na debe la samadi iliyooza. Mti hadi mti mita 10 hadi 12. Najua inaonekana ni kupoteza ardhi, lakini ukikua utaijaza yote.

Nafasi hiyo sisi tuna cha kuijaza. Panda mche katikati ya migomba, umbali wa mita mbili au tatu kutoka shina la mgomba. Mche mchanga hautaki jua kali la Oktoba, na migomba huukinga pamoja na kuzuia upepo. Mshelisheli ukishaupita mgomba kwa urefu, punguza migomba ya karibu. Baadaye mti mkubwa utaipa kivuli kakao yako.

Hatua ya 5: Miaka mitatu ya kulea

Kiangazi cha kwanza, ndoo moja ya maji mara mbili kwa wiki. Weka matandazo ya majani makavu ya migomba, ila yasiguse shina. Funga mbuzi: wanaupenda mno mti huu, majani hadi gome.

Ukifika mita mbili, kata ncha yake ili utoe matawi ya pembeni. Mbao zake ni laini, na mti ulioachwa urefuke hukatika kwa upepo, tena mashelisheli ya juu hutayafikia. Kila baada ya mavuno punguza tena. Ukiona wadudu weupe kama pamba chini ya majani, wapige kwa maji ya sabuni. Na angalia sisimizi, maana huwalinda wadudu hao.

Mche wa mzizi huanza kuzaa kati ya mwaka wa tatu na wa tano. Mwanzo utaona vitu virefu kama kidole kinene, vya manjano, vinaanguka chini na kuoza. Watu hunipigia simu wakisema matunda yanapukutika. Hayo ni maua dume, kazi yake imekwisha. Tunda ni lile la duara.

Walio juu zaidi: mfenesi

Kama shamba lako ni la miteremko kati ya Kyela na Tukuyu, lakini bado chini ya mita 1,200, panda mfenesi. Ni ndugu wa mshelisheli, utomvu wao mweupe ni uleule, ila unavumilia ubaridi zaidi. Wenyewe una kokwa, na kokwa lazima zipandwe mbichi: ukizianika kama maharage zimekufa. Zioshe ute, zipande siku hiyohiyo au ndani ya wiki chache. Mzizi mkuu wake hauvumilii kuvurugwa, kwa hiyo tumia kiriba kirefu au panda moja kwa moja shambani. Mti wa kokwa haufanani lazima na mama. Ukitaka utamu uleule, nunua mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mti unaoutaka. Na maji yakituama shinani hata siku chache tu, mfenesi hufa.

Kuvuna shelisheli

Usingoje lianguke. Lililokomaa hubadilika kutoka kijani kikali kwenda kijani cha manjano, vile vinundu vya ganda hulala, na matone ya utomvu huonekana yamekauka juu yake. Likate na kikonyo kwa ndoana iliyofungwa kwenye ufito mrefu, mwenzako akilidaka kwa gunia. Ligeuze kikonyo chini lichuruzike utomvu. Paka mafuta ya kula mikononi na kwenye kisu kabla ya kumenya.

Litalainika ndani ya siku moja hadi tatu. Kama mnunuzi yuko Mbeya, vuna asubuhi ya safari, au lizamishe kwenye ndoo ya maji ya baridi kivulini upate siku mbili tatu za ziada. Lililolainika tayari usilipeleke sokoni. Lichome zima kwenye makaa mpaka ganda liwe jeusi, limenye, ulile na usipa, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, wa kukaanga.