Namna ya kutopotea chuoni bumu linapochelewa

Nina stesheneri nje ya geti la chuo kimoja cha umma hapa Tanzania: mashine mbili za kopi, kompyuta tatu, na friji ya soda iliyokufa ambayo siku hizi naweka rimu za karatasi. Huu ni mwaka wa kumi na mbili. Wanafunzi wananiita Anti Kopi. Chuo kikuu sijasoma, ila fomu za mkopo nilizojaza na watoto wa watu sina hesabu yake, na daftari langu la madeni hujua nani kaondoka kabla ofisi ya usajili haijajua. Wenzake wanachapa asaimenti, yeye wiki ya tatu haonekani. Ujue huyo ameshapanda basi.

Wengi niliowaona wakipotea hawakufeli. Bumu, yaani hela ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo wa serikali, lilichelewa, ada iliyobaki haikulipwa, kwa hiyo usajili haukukamilika, na asiyesajiliwa hasaini kupokea mkopo, na asiyesaini halipwi. Anazungushwa kama pia mpaka anachoka. Chote ninachokueleza hapa ni namna ya kutoingia kwenye huo mzunguko, na ukishaingia, namna ya kutoka bila kuiacha nafasi yako.

Kazi inaanza nyumbani

Maombi ya Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu yanafanyika kwenye mfumo wao wa mtandaoni, OLAMS. Unapewa namba ya malipo, unalipa shilingi 30,000, unajaza. Makosa yanayorudisha watu hapa kwangu wakilia ni yale yale kila mwaka. La kwanza ni namba ya mtihani wa kidato cha nne. Kama ulirudia mtihani una namba mbili, na ukiomba chuo kwa hii, mkopo kwa ile, mfumo unakuona watu wawili. Tumia namba moja kote.

La pili ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi, cha shule kinasema Mwanahidi, na wewe unaona ni kitu kidogo. Si kidogo. Shughulikia kiapo mapema kwa mwanasheria, usingoje dirisha la maombi libaki siku mbili.

La tatu ni uhakiki. Cheti cha kuzaliwa au cha kifo cha mzazi lazima kihakikiwe na wakala wa usajili wa vizazi na vifo, RITA kwa Bara na ZCSRA kwa Zanzibar. Yatima wengi wanakuja wanasema, "Anti, baba tulimzika kijijini, cheti hatukuchukua." Bodi haiwezi kusoma kaburi. Kifuatilie cheti hicho tangu ukiwa kidato cha sita. Na kama nyumbani mko kwenye mpango wa TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, namba ya kaya iandikwe, maana ni ushahidi wa hali yenu ambao hauhitaji maneno.

Halafu kurasa za saini: serikali ya mtaa au kijiji, mdhamini, kamishna wa viapo. Kabla ya kupakia, ikuze ile skani kwenye kioo uone kama mihuri inasomeka. Mimi huwakatalia wanaonipa picha waliyopiga kwa simu juu ya godoro.

Usije na nauli tu

Kijana mmoja wa ualimu alishuka kwenye basi na begi, ndoo na 45,000. Alikuwa amepata mkopo, jina lilitoka awamu ya kwanza, kijijini walichinja kuku. Hakuna aliyemwambia kwamba "kupata mkopo" si lazima iwe kupata wote.

Mkopo umegawanywa vipengele: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo, na kadhalika. Kila kipengele unaweza kupewa chote au sehemu. Mgawanyo wako uko kwenye SIPA, akaunti yako binafsi kwenye mfumo wa Bodi. Uchapishe na ubaki nao. Tufanye ada ni 1,300,000 kwa mwaka na umepewa asilimia 60 ya ada. Hiyo ni 780,000, inakwenda chuoni moja kwa moja, wewe huioni. Inabaki 520,000 juu yako. Chuo kikikubali nusu kwa muhula, unatakiwa 260,000 mwanzoni. Ongeza bima ya afya, ambayo kwa miaka mingi nimeizoea kuiona ni 50,400, na ile 20,000 ya Tume ya Vyuo Vikuu. Umefika 330,400 na bado chuo hakijataja michango yake, kitambulisho, chama cha wanafunzi. Huyo wa 45,000 alisajiliwa wiki ya nne, baada ya mjomba wake kuuza mbuzi.

Kwa hiyo wazazi mkinisoma: ile hela ya sherehe iwekeni kwenye usajili. Bumu la kwanza ni nadra kumkuta mwanafunzi wiki anayofika.

Kwa nini linachelewa

Hili nimelielewa kwa kusikiliza foleni. Mwalimu mmoja mzee wa hapo ndani, anayekuja kutoa kopi za mitihani ya zamani, hupenda kuwatania vijana kwamba enzi zake serikali ilimlipia ada na chakula, na mfukoni akatiwa kitu. Uchangiaji wa gharama za masomo ulianza miaka ya 1990 mwanzoni, sheria ya Bodi ikatungwa 2004, na Bodi yenyewe ikaanza kazi Julai 2005. Tangu hapo anayesoma anakopa.

Fedha hizo zinatoka kwenye bajeti ya serikali, na marejesho ya waliomaliza yanachangia. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, vyuo vinafunguliwa Oktoba au Novemba, na Hazina hutoa fedha kwa mafungu. Chuo nacho kiko kwenye bomba hilo hilo. Mishahara inalipwa na serikali, lakini chaki, umeme, maji na mafuta ya gari vinategemea sana ada. Ndiyo maana mhasibu anakukazia macho. Usimchukulie kama adui yako, ana bili ya umeme mezani.

Ila kuchelewa kwingine hakutoki Dodoma wala Dar, kunatoka idarani. Bodi inamlipa anayeendelea baada ya chuo kuthibitisha kwamba amefaulu kuingia mwaka unaofuata. Mwalimu asipopandisha matokeo ya somo moja, au sapu yako, ule mtihani wa marudio, ikichelewa kusahihishwa, jina lako halimo kwenye orodha ya kwanza. Ukiona wenzako wamesaini na wewe humo, anza idarani kuuliza matokeo, kisha dawati la mikopo. Watu hupanga foleni wiki nzima kwa afisa mikopo kumbe tatizo ni alama moja ya somo la pili.

Siku ya kusaini

Siku hizi vyuo vingi mnasaini kwa kidole. Usiposaini ndani ya muda, fedha hairudi kukutafuta, inarudi Bodi, na kuirudisha ni safari nyingine. Kwa hiyo usisafiri wiki ambazo bumu linasemwa. Hakikisha akaunti ya benki haijalala na jina lake ni lile lile la chuoni. Ongea na kiongozi wa darasa, mjue waziri wa mikopo wa serikali ya wanafunzi hata kama hukumpigia kura. Aliyehamia chuo kingine ahakikishe mkopo nao umehamishwa; hauhami wenyewe.

Likiingia, lihesabu hivi. Chakula na malazi ni 10,000 kwa siku kwa aliyepewa kamili (zamani ilikuwa 8,500). Kwa siku 60 ni 600,000. Toa 100,000 kwenye deni la ada siku hiyo hiyo, kabla hujapita kwa muuza viatu. Geto, yaani chumba cha kupanga, la kuchangia huku kwetu ni 40,000 kwa mwezi, miezi miwili 80,000. Chakula 5,000 kwa siku, 300,000. Sabuni, bando na mimi wa kopi, 50,000. Zinabaki 70,000. Hizo ni siku kumi na nne za kula baada ya siku ya 60, na siku hizo kumi na nne ndizo zinazowarudisha watu makwao. Zifiche kwenye laini ya simu usiyoitumia.

Msoto ukiingia

Kuna mambo mawili hapa naomba unisikilize kama dada yako. Usiweke kadi ya benki rehani. Wapo watu mtaani hapa wanakupa 50,000, wanachukua kadi na namba ya siri, bumu likiingia wanatoa 80,000 na wewe unaanza muhula mpya na pengo. Na mikopo ya kwenye simu ni kausha damu ile ile, mikopo ya riba ya kukukamua, iliyovaa koti. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Binti mmoja wa uhandisi walimpigia mama yake, mchungaji wake na mwalimu wake wa sekondari kwa deni la 30,000. Alishindwa kuingia darasani kwa aibu. Aibu ndiyo iliyomtoa, hela zenyewe darasa lingechanga kwa jioni moja.

La kufanya ni kuandika. Barua ya kuomba kulipa ada kwa awamu, kwenda kwa mlezi wa wanafunzi, nakala kwa mhasibu na kwa mkuu wa idara. Ukurasa mmoja. Taja jina, namba ya usajili, kiasi unachodaiwa, ulichokwisha kulipa, tarehe utakazolipa zilizobaki, na ambatisha ile karatasi ya mgawanyo wa mkopo na risiti zako zote. Usiandike "naomba mnisaidie kwa hali na mali." Andika kiasi na tarehe. Peleka mwenyewe, dai muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Nimeona barua za namna hiyo zikimwingiza mtu kwenye mtihani, na nimeona waliokwenda kulia ofisini bila karatasi wakiambiwa warudi Jumatatu.

Kama mkopo uliukosa kabisa au ni kidogo, subiri dirisha la rufaa na lete ushahidi mpya. Kurudisha fomu ile ile ukiwa na hasira zaidi hakubadilishi kitu.

Ukilazimika kuondoka, ondoka kwa karatasi

Hapa ndipo ninapotaka uweke alama kwa kalamu. Inatokea: mzazi ameugua, hela haipo, wewe mwenyewe huna afya. Kuondoka si mwisho. Kinachoua ni kuondoka kimya kimya.

Anayeomba kuahirisha masomo na kujibiwa kwa barua, nafasi yake ipo. Mkopo wake unasimama, na akirudi unaweza kuendelea kwa sababu kuna barua inayosema alikuwa wapi. Aliyepanda basi usiku anaandikwa mtoro, anafutwa, na siku akitaka kusoma tena anaomba upya kama mgeni. Zaidi ya hapo, Bodi inamtaka arejeshe kwanza asilimia 25 ya alichokopeshwa mwanzo ndipo akopeshwe tena. Kama alishakula milioni tatu, anatafuta 750,000 kabla hajajaza hata jina. Na deni la awali halilali. Akipata ajira, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara kwa shahada ambayo hakuipata.

Omba mapema. Vyuo havipendi kusikia habari za kuahirisha wiki ya mtihani, watadhani umekimbia karatasi. Ugonjwa uende na cheti cha hospitali, na tatizo la fedha liende na barua ya mzazi na ya serikali ya mtaa. Usiondoke mjini kabla ya jibu la maandishi. Jibu likishatoka, toa kopi tatu: moja dawati la mikopo, moja nyumbani, moja ipige picha na ujitumie kwenye barua pepe, maana nyumba za nyasi zinavuja.

Kuhusu kurudi: wiki mbili kabla muhula haujafunguliwa uwe umeshapiga simu. Barua ya kuomba kurejea inakwenda idarani, nakala ya ile ya kuahirisha inakwenda kwa afisa mikopo ili jina lako litumwe Bodi upya. Yule binti wa uhandisi aliahirisha, tulichapa barua yake hapa saa mbili usiku umeme ukikatika na kurudi. Mwaka uliofuata alisimama mlangoni na begi lile lile, akaniuliza kama bado namdai. Nilikuwa namdai 3,400. Alilipa, akaomba pasipoti saizi nne kwa ajili ya kitambulisho kipya.