Umefanyiwa ndivyo sivyo kliniki ya binafsi Tanga? Anza hivi

Jamani usitupe karatasi hata moja, risiti, cheti, majibu ya maabara, boksi la dawa. Shangazi yangu wa Ngamiani aling'olewa jino zima lile bovu likabaki, na risiti alishaitupa, tulihangaika mno.

Halafu nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, ukapimwe upya, daktari mwingine aandike alichokikuta, hiyo ripoti ndo roho ya madai yako. Kisha waandikie wenye kliniki barua, taja tarehe, ulichofanyiwa, hela iliyokutoka na unachodai, nakala yako wakugongee muhuri wa kupokea. Wengine wanakuita mnayamaliza hapohapo, ila chonde chonde usisaini karatasi ya "sitadai tena" kabla hujajua matibabu ya kurekebisha yatakula shilingi ngapi, maana ukishasaini kujinasua ni kazi.

Wakikaza, mlalamikie daktari kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika, wao wanaweza hata kumfutia usajili lakini fidia unaidai mahakamani, na kesi ya uzembe inafunguliwa ndani ya miaka 3 kwahiyo usilale. Huna hela ya wakili? Ulizia msaada wa kisheria wa bure, sheria yake ipo tangu 2017.