Mahudhurio ya watoto 87 ndani ya kishikwambi: ninavyoyapanga

Vile vishikwambi tulivyogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022 vimeishia wapi? Cha mwenzangu wa meza ya pili kinaangaliziwa tamthilia. Changu kilikaa kabatini hadi siku mwalimu mkuu alipotaka idadi ya watoro wa Darasa la Tatu B kabla ya saa nne asubuhi. Nikakaa na daftari la mahudhurio nikihesabu kwa ncha ya kalamu, nakosea, naanza upya. Watoto 87. Jioni ile nikakitoa nikakichaji.

Nimeshajaribu programu kadhaa. Trello, programu ya kupanga kazi kwa kadi, ni nzuri kwa mtu mwenye kazi nyingi za kusogeza sogeza, ila kwa darasa la watoto wadogo ilinipa kazi badala ya kunipunguzia. Nilichobaki nacho ni Google Sheets ya majedwali, Google Drive ya kuhifadhia mafaili na kalenda yao, zote za bure. Nitakaa zaidi kwenye jedwali la mahudhurio, maana ndipo penye faida.

Hatua ya 1: Fungua akaunti ya kazi

Usitumie ile yenye picha za harusi ya mdogo wako. Akaunti ya bure ina GB 15, na nafasi hiyo hiyo ndiyo inayobeba barua pepe, picha na mafaili. Picha zikijaa, kazi ya shule nayo inakwama.

Hatua ya 2: Tengeneza jedwali

Fungua faili jipya, ulipe jina linalojieleza: "Mahudhurio 3B Muhula wa Kwanza". Safu wima A weka namba, B jina, C jinsi. Sasa hapa wengi wanakosea: wanaweka tarehe kuanzia D, halafu jumla wanaipeleka mwisho kabisa, kila siku mpya inaisukuma. Weka jumla mwanzoni. D iwe utoro, E ugonjwa, F ruhusa, tarehe zianzie G.

Kwenye tarehe andika na siku, mfano "Alh 13/2". Utaona faida yake baadaye.

Kwa mtoto wa kwanza, tuseme yuko mstari wa 3, andika kwenye D3:

=COUNTIF(G3:3,"t")

Maana yake: hesabu kila "t" (mtoro) kuanzia G kwenda kulia, hata siku ambazo bado hazijafika. E3 weka fomula hiyo hiyo yenye "m" (mgonjwa), F3 yenye "r" (ruhusa). Kisha buruta hizo tatu hadi kwa mtoto wa mwisho. Herufi kubwa au ndogo haidhuru, inahesabu zote. Ikikuletea kosa, jaribu nukta-mkato badala ya mkato. Inategemea nchi iliyowekwa kwenye mipangilio ya faili.

Gandisha safu za A na B ili majina yasikukimbie ukisogea kulia. Mwisho, kwenye Format chagua Conditional formatting, uagize kila "t" iwe nyekundu. Kazi hii ya kuandaa ifanye kwenye kompyuta kama ipo. Kwenye kishikwambi inawezekana, ila vidole vitakuchosha.

Hatua ya 3: Jaza wasioonekana tu

Aliyepo haandikwi kitu. Viongozi wa makundi wanasimama, kila mmoja anataja nani hayupo kwenye kundi lake, naweka herufi. Dakika nne. Zamani kuita majina 87 kulikula nusu ya kipindi cha kwanza.

Daftari la karatasi usilitupe. Wathibiti ubora wakija wanataka hilo, na umeme ukikatika siku tatu ndilo litakalokuokoa. Mimi nanakili humo wakati wa mapumziko.

Hatua ya 4: Wezesha kufanya kazi bila mtandao

Bonyeza nukta tatu kando ya jina la faili, chagua Make available offline. Shuleni kwetu mtandao unapatikana chini ya mwembe tu, na siyo kila siku. Najaza darasani bila bando, jioni nikifika nyumbani faili linajipakia lenyewe.

Hatua ya 5: Isome kila Ijumaa

Wiki ya tano niliona nyekundu zimejipanga wima kwa binti mmoja: Alhamisi, Alhamisi, Alhamisi. Kwenye daftari la karatasi alikuwa mtoro wa kawaida tu, siku tano kati ya 25. Nikamwita mama yake. Hakuzunguka: "Mwalimu, Alhamisi ni gulio. Nikienda kuuza nyanya, huyu mdogo nimwachie nani?" Tukakubaliana bibi ashike mtoto hadi saa saba, yeye binti akitoka shule ampokee. Nyekundu hazikuisha zote, lakini muhula ule alikosa Alhamisi mbili tu tena.

Hatua ya 6: Kushirikisha, na hapa tulia

Ukibonyeza Share utaulizwa: Viewer (anaona tu), Commenter (anatoa maoni) au Editor (anabadilisha). Mwalimu msaidizi mpe Editor. Mwalimu mkuu Viewer inamtosha. Mimi niliwahi kutuma kiungo cha Editor kwenye kundi la WhatsApp la wazazi kwa haraka zangu. Kufika usiku safu nzima ya majina ilikuwa imefutika. Niliirudisha kesho yake kwenye kompyuta, kupitia File kisha Version history. Na hata kisingefutwa kitu, nilikuwa nimeanika utoro na ugonjwa wa watoto wa watu mbele ya kundi zima. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kabla ya sheria kuna aibu. Mzazi apate habari za mwanawe peke yake, kwa simu.

Namba za simu za wazazi ziweke faili tofauti. Uziandike kwa kutanguliza alama ya ', la sivyo sifuri ya mwanzo inaliwa na utapiga simu isiyopatikana.

Hatua ya 7: Mengine mawili, kwa ufupi

Kwenye Drive fungua folda ya kila somo, ndani yake azimio la kazi na maandalio. Picha ya andalio lililoandikwa kwa mkono inatosha. Ipe jina linaloanza na tarehe. Kwenye kalenda weka zamu yako ijirudie. Sisi tuko sita, kwa hiyo kila baada ya wiki sita, na kikumbusho Jumapili saa 12 jioni. Simu itakuonyesha 6 PM, usichanganyikiwe ukaweka 12.

Muhula ukiisha, chagua Make a copy, futa tarehe na herufi, acha majina na zile fomula tatu. Mabadiliko ni jina la faili tu.