Ukitoka mkesha, andika jina moja

Umetoka mkesha wa maombi, macho mekundu, moyo unawaka. Kabla hujalala, andika jina la mtu mmoja tu: mgonjwa, mjane, jirani aliyeishiwa unga. Mfikie wiki hiyo hiyo, maana joto lile hupoa haraka. Petro alipouona utukufu wa Yesu mlimani alitaka wajenge vibanda vitatu (hata mimi ningetaka). Kesho yake waliposhuka, wakakutana na baba akimlilia mwanawe mwenye kifafa. Mama Teresa alisikia wito wake ndani ya treni ya kwenda Darjeeling, Septemba 1946, lakini kabla ya kuingia mitaa ya mabanda ya Kolkata, India, alipitia mji wa Patna kujifunza uuguzi. Kwa hiyo kwa mgonjwa usianze na ushuhuda wako. Uliza ndoo iko wapi, ufue shuka.